Kioo Kilipofifia

Nilibonyeza kitufe chekundu, kioo kikafifia.
Hakikuzimika. Kilififia tu,
kama mtu aliyekumbushwa deni mbele ya wageni
akashusha sauti.

Muda mfupi kabla, nilipokuwa nikijaribu kwa ubora wa chini,
kilikuwa kinang'aa, niliona hata uzi
uliochomoza pembeni mwa kofia ya babu.
Lakini ukipanda ngazi ya juu,
ile ya mistari elfu mbili na ushei,
kamera huanza kujihurumia.
Huogopa joto lake yenyewe,
hupunguza taa ya kioo ili ubongo usichemke.
Kitabu cha maelekezo kinalisema hilo kwa herufi ndogo,
baada ya onyo la kutoimeza betri.

Nami nilikuwa juu ya chumvi ya Uyuni, saa sita mchana,
mita elfu tatu na mia sita
juu ya bahari ambayo Bolivia haina.
Weupe chini. Weupe ubavuni.
Jua huko hupiga mara mbili,
likishuka, kisha likirudi kutoka ardhini
kukuunguza mpaka ndani ya pua.
Kwenye kioo sikuona ila miwani yangu
na midomo yangu iliyopasuka.

Babu, Fortunato Huaylla, alikuwa akikata chumvi kwa shoka,
siku yake ya mwisho kabla ya goti kukabidhiwa daktari.
"Mbona umesimama kama nguzo ya simu?"
"Sioni kitu, babu."
"Wewe huoni. Hiyo je, inaona?"
Sikulijibu. Nilikuwa na haraka.

Binamu yangu Wilson akavua poncho, akanigubika.
Mle ndani harufu ya sufu na petroli,
pumzi yangu ikatanda juu ya kioo,
na giza likabaki giza.
Nikasema: picha imekuwa nyeusi.
Nikaifungua lenzi. Nikaifungua tena.
Nikaongeza, nikaongeza,
kama mpishi mwenye mafua
anayeonja mchuzi asiusikie.

Jioni, Colchani, jikoni kwa shangazi Basilia,
tulikaa mbele ya kompyuta, sahani za supu mapajani.
Ikaja video.
Nyeupe.
Tukangoja.
Nyeupe, halafu shoka
likapanda kutoka mahali pasipo na mtu,
likashuka, kha,
likapanda, kha,
na pumzi ya mzee, safi kabisa,
kila mkoromo mahali pake.
Mara mkono. Mara ukanda wa kofia ukielea.
Dakika arobaini na moja.

Wilson akacheka, akasema babu amekuwa malaika.
Shangazi akampiga kijiko cha bega.
Mimi nilitazama supu.
Nilitaka kueleza: kioo kilinidanganya,
picha ilikuwa nzuri tangu mwanzo,
ni mimi niliyeisahihisha hadi ikafa.
Lakini maelezo hayo kwa Kikechua changu cha mjini
yalitoka vipande vipande,
na kwa Kihispania yalionekana kama kisingizio.

Babu alisogeza kiti.
"Huyo ni mimi?"
"Ni wewe."
"Sauti ni yangu," akasema, akanyamaza.

Kisha nikamwekea kile kipande cha majaribio,
sekunde kumi na moja, cha ubora wa chini,
ambacho nilikuwa nimekaribia kukifuta:
anatema majani ya koka, anainama,
anafunga kamba ya kiatu, anasema na kamba.
Basi. Hakati chumvi. Hafanyi lolote.

"Rudisha," akasema.
Nikarudisha.
"Simamisha hapo."
Akanyoosha kidole chenye nyufa,
akagusa kioo, kando ya kichwa chake mwenyewe.
"Kumbe kofia imefumuka.
Nimezunguka hivi mchana kutwa,
na nyote mna macho."

Shangazi akainuka kutafuta sindano.